Zamu ya Maji

Homa ya Muhanna ina adabu ya mgeni wa kila siku:
haibishi hodi asubuhi, haibishi adhuhuri,
huja taa za Ghubra zikianza kuwaka,
thelathini na tisa nukta nane,
na vipele kifuani kama hina
iliyopakwa na mtu mwenye haraka.
Saa tatu usiku huaga. Magoti huyaacha yamevimba.
Ana miaka sita. Kifuniko cha laban kinamshinda.

Mama yake, Zuwena, hunieleza kwa lugha mbili:
tarehe, dozi, namba ya kadi, kwa Kiarabu;
hofu, kwa Kiswahili.
"Dada, ni maziwa yangu?
Au kwa kuwa baba'ke ni mtoto wa ami yangu?"
Nje ni digrii arobaini na sita. Ndani nimevaa sweta.
Namwambia sijui.
Ndiyo kazi yangu: kutojua, kwa vipimo.

Damu yake naizungusha mashineni dakika kumi.
Wekundu unakaa chini, mzito, kama tope la falaji;
katikati utando mweupe, mwembamba kama ukucha;
juu, plazma, rangi ya samli iliyoyeyuka.
Ule utando vitabu huuita jeshi.
Mimi naona mitende.

Kwa mjomba Seif, Ibra, shamba halina kisima.
Hunywa zamu yake: nusu saa,
kisha jiwe linahamishwa, maji yanakwenda kwa jirani.
Mwaka ule mitende ilipopiga manjano
alikata mitatu, akachoma na mizizi,
kabla mtu hajamwambia:
Seif, umeyaonja maji?

Basi nami nikaonja.
Karatasi zikatiwa saini, nikakunja mkono wa kanzu.
Kichupani mimi si Raya. Ni K-7,
mwanamke, mzima, miaka thelathini na minne.
Chembe zangu nikazitia katika plazma ya mtoto,
nikazifunga kwenye joto la mwili, nikaenda kuswali.

Niliporudi hazikunijua.
Chembe zilizokulia Mabela kwa mkate wa ufuta na papa mkavu
zilikuwa zimefura, zimetoa vidole,
zinamwaga kile kile kinachomwagwa na za Muhanna
saa ile mgeni anapoingia.

Na zake nikazikosha, mara tatu,
nikazilaza katika maji yangu.
Zikashusha sauti.
Si zote. Naandika kwa herufi zile zile: si zote.
Theluthi iliendelea kugomba,
kama mtu aliyezoea kukaripiwa
anayejibu kwa ukali hata akipewa salamu.

Kwa Zuwena sikutaja majina marefu.
Nilisema: mwanao hana damu mbaya.
Kuna neno limo ndani ya maji,
na kila anayelinywa hupandwa na hasira. Hata mimi.
"Hata wewe?"
Hata mimi. Nimeona.
Akacheka, akauficha mdomo kwa ncha ya mtandio,
kisha macho yake yakafanya jambo jingine.

Neno gani, nani kalitia huko juu ya mfereji,
hatujui. Tunayo majina manne tunayoyashuku
na friji lililojaa vichupa visivyotaka kusema.

Muhanna kasikia yote, kama wasikiavyo watoto,
macho kwenye katuni.
"Chembe zako ziliumia?"
Hazina magoti, nikasema.
Akafikiri.
"Basi zina bahati."

Namfungulia laban.
Adhana ya Magharibi imekwisha, taa zimewaka,
sindano ya jana ni ya tatu tu.
Zuwena ameshika kipimajoto, hajakiweka bado.
Sote watatu
tunautazama mlango.